Ukihesabu 46 na bosi anaamini 48: maongezi na wanaotafuta kazi ya utafiti wa kromosomu baada ya PhD

Walimu wangu mliokaa hapa mbele shikamooni, na wadogo zangu mnaomalizia PhD na nyie mliokabidhi tasnifu juzi juzi, habari zenu. Nimeombwa niongee kuhusu kazi za utafiti chuoni kwenye baiolojia ya kromosomu, yaani zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba DNA, zile kazi za mkataba baada ya PhD ambazo wengi tunaziita postidoki. Naomba nianze na mtu mmoja kwanza, mambo ya barua ya maombi yatafuata.

Mwaka 1952, Galveston, Texas. Kuna kijana anaitwa T. C. Hsu, PhD yake ameifanyia nzi wa matunda, lakini kazi aliyoipata baada ya hapo ni kwenye maabara inayokuza seli za binadamu, basi akaenda huko huko. Siku moja anaweka slaidi kwenye hadubini anakuta kromosomu zimetawanyika vizuri kabisa, kila moja imekaa peke yake, wakati siku zote zilikuwa zinaonekana kama nyuzi zilizosokotana huwezi kujua hii imeanzia wapi na ile imeishia wapi. Akarudia, hola. Akarudia tena, nyuzi zile zile zilizosokotana. Ilimchukua miezi kuja kuelewa kwamba kuna mtu alikosea kuchanganya maji ya chumvi ya kuoshea seli, yakawa na chumvi pungufu, seli zikanywa maji zikavimba, kromosomu zikaachana. Na kosa hilo ndo tunalitumia mpaka leo, kila maabara ya kromosomu duniani inavimbisha seli kwa maji ya chumvi hafifu kabla ya kuzigandisha kwa dawa.

Sasa sikilizeni hapa. Huyu bwana ana kromosomu zilizotawanyika kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, halafu kwenye karatasi yake ya utafiti ya mwaka huo huo akaandika binadamu ana kromosomu 48. Manake 48 ndo ilikuwa kwenye vitabu tangu Theophilus Painter aseme hivyo 1923. Ikaja 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan kule Lund, Sweden, wakatumia njia ile ile ya kuvimbisha seli wakaongeza na kolchisini ya kusimamisha mgawanyiko, wakahesabu wakapata 46, wakaandika 46. Na ndani ya karatasi hiyo wametaja jambo ambalo kila nikilisoma linaniuma, kwamba kuna wenzao walikuwa wanahesabu kromosomu kwenye seli za ini la kijusi na wakaisimamisha ile kazi kwa sababu walishindwa kuziona zote 48, walikuwa kila wakihesabu wanapata 46. Yaani jibu wanalo kwenye slaidi, wao wanaona wameshindwa kazi.

Kwa hiyo nitaongea habari za mkataba, maombi, intavyu na hela, lakini mimi swali langu ni moja tu na ndo nililokuja nalo: hapo unapotaka kwenda, siku ukihesabu 46 na bosi anaamini 48, utaweza kusema?

Tangazo lenyewe mnalijua. Nafasi moja, mkataba wa miaka 2 au 3, hela inatoka kwenye granti ya bosi wa maabara, yaani fedha za utafiti alizopewa, mwombaji awe na PhD au anakaribia kuikabidhi, awe na karatasi angalau moja ambayo jina lake ni la kwanza, ajue kukuza seli au chachu, ajue kuhariri jeni kwa CRISPR, ajue kupiga picha seli hai, na ikiwezekana ajue kuandika programu za kuchambua data. Hapo kwenye "ikiwezekana" ndo watu wengi wanakata tamaa, na naona wanaokata tamaa mara nyingi ni dada zetu, anasoma vitu 9 anavyo 6 anafunga ukurasa. Mdogo wangu, tangazo lina vya lazima na vya nyongeza, soma kwa makini kipi ni kipi, kama vya lazima unavyo omba, hivyo vingine utafundishwa na ndo maana inaitwa mafunzo.

Kitu kingine cha kwenye tangazo ni lile swali la kisayansi, ambalo wengi wanalipita haraka kutafuta mshahara. Tangazo zuri lina swali unaloweza kumsimulia mtu ambaye hajasoma baiolojia. Chukueni hili: kila seli yako ina DNA ya kama mita 2 ikinyooshwa, imekaa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu 1 ya elfu ya sentimita, na kila seli ikigawanyika ile DNA inatakiwa ifungwe, igawanywe sawa sawa, isikatike, isipotee. Nani anaifunga? Kwa miaka mingi tulijua kuna protini inaitwa kondensini inahusika, lakini inafanyaje watu walikuwa wanabishana, wengine wakisema yenyewe inavuta DNA na kutengeneza vitanzi, wengine hawakubali kabisa kwamba ina nguvu hiyo. Mwaka 2018 Mahipal Ganji, wakati huo akiwa postidoki kwenye maabara ya Cees Dekker kule Delft, Uholanzi, wakishirikiana na kundi la Christian Haering la Heidelberg, Ujerumani, wakabandika DNA kwenye kioo ncha mbili, wakaipaka rangi inayong'aa, wakamwagia kondensini na ATP, ile inayoipa protini nishati, wakatazama. Kitanzi kikaanza kukua mbele ya macho yao, upande mmoja unavutwa mwingine umeshikwa, kasi inafika hata herufi 1,500 za DNA kwa sekunde. Hebu fikiria wewe ndo umekaa kwenye kile chumba cha giza unaona kitu ambacho watu wamekibishania miaka yote.

Na hapo mnaona fani yetu imekuwa ya watu wa aina zote, mtu wa fizikia anahitajika, wa kompyuta anahitajika, wa mimea pia. Levan na Tjio wote walitokea kwenye kromosomu za mimea. Barbara McClintock aliona jeni zinazohama kwenye mahindi, akapewa Nobel 1983. Ile njia tunayoitumia sana siku hizi ya kufuta protini ndani ya seli kwa muda mfupi inatumia oksini, homoni ya mimea, na protini ya mpunga iliyopandikizwa kwenye seli ya chachu au ya binadamu. Kwa hiyo usiseme mimi PhD yangu ni ya mmea fulani hawatanichukua.

Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Kwenye mambo mengi nakubali, ila kwenye hili nitabisha mbele yenu wote. Chagua. Chagua sana. Nitawaambia kwa nini na naomba mnivumilie maana hii sehemu siisimulii mara nyingi.

Postidoki yangu ya kwanza niliichukua kwa sababu maabara ilikuwa na jina. Sikumuuliza mtu yeyote aliyewahi kutoka pale, niliona imeili ya kunikubali nikafunga mizigo. Kazi ilikuwa sentromia, pale katikati kromosomu inaposhikwa ili ivutwe. Bosi alikuwa na wazo lake, kwamba kuna protini fulani ndo inailinda kohesini kwenye sentromia, na kohesini ndo pete inayoshika zile kromatidi dada mbili, yaani nakala mbili za kromosomu moja, zisiachane kabla ya wakati. Kwa hiyo ukiifuta ile protini, dada wanatakiwa waachane. Kwenye slaidi hicho kitu unakiona kwa macho, kromosomu nzima ina umbo la X, imebanwa kiunoni, ikilegea pale kiunoni inakuwa kama reli mbili zinazoenda sambamba. Nikaweka oksini, ndani ya saa moja protini imekwisha, nimeipima haipo, nikadondosha seli kwenye slaidi, nikapaka rangi, nikatazama. X. X tupu. Nikampelekea. Akasema oksini yako haifanyi kazi, rudia.

Nikarudia. Nilirudia miezi 14, nikabadilisha seli, nikabadilisha oksini, nikabadilisha hata chupa. Na hapa ndo nataka mnisikilize, kwa sababu tatizo si bosi peke yake. Ikafika wakati nikiona slaidi yenye X nyingi najiambia hii haikutawanyika vizuri, naiweka pembeni, siihesabu. Nikiona yenye reli tatu nne naihesabu yote kwa furaha. Sikuwa nadanganya kwa kukusudia, nawaambia ukweli, jicho langu lilikuwa limeshachoka kuambiwa limekosea kwa hiyo likaanza kutafuta kile kinachotakiwa. Jioni moja nikafungua lile boksi la slaidi za pembeni, zilikuwa 31. Nikakaa nazo mezani. Kesho yake nikamwomba mwenzangu wa meza ya jirani azifunike lebo zote kwa utepe, zile 31 na nyingine zote, achanganye, anipe. Nikahesabu siku nne bila kujua ipi ni ipi. Zilizowekwa oksini na zisizowekwa zilikuwa sawa. Ile protini haikuwa na kazi tuliyoitegemea, angalau kwenye seli zile.

Bosi hakukubali, mkataba ukaisha, nikaondoka bila karatasi. Simtaji na sina haja, na wala sisemi alikuwa mtu mbaya, alikuwa ameliamini wazo lake miaka mingi. Nilichopoteza si karatasi tu, nilipoteza karibu mwaka mzima wa kuliamini jicho langu, na kwenye fani hii ambayo nusu yake ni kutazama kitu na kusema umeona nini, hilo ndo linalomaliza mtu.

Haya. Kwa hiyo utajuaje kabla hujaenda? Waulize walioondoka. Siyo waliopo, waliopo wanamtegemea bosi kwa mkataba na barua ya kuwadhamini, huwezi kutegemea waseme yote. Chukua karatasi za ile maabara za miaka 5 nyuma, angalia majina ya kwanza, tafuta watu wawili watatu wako wapi sasa, waandikie ujumbe mfupi wa heshima. Usiwaulize "bosi yukoje", kila mtu atakwambia yuko poa. Uliza hivi: mara ya mwisho matokeo yako yalipopingana na wazo la maabara, ilikuwaje? Mtu atakayekusimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, walikaa wakaangalia data wakabadilisha wazo, hapo pazuri. Mtu akinyamaza siku tatu halafu akujibu "tuongee kwa simu", na lenyewe ni jibu.

Halafu uliza utaondoka na nini. Hili watu wanaona aibu kuuliza kwenye intavyu na ni haki yako kabisa. Elizabeth Blackburn alikuwa postidoki kwa Joseph Gall pale Yale katikati ya miaka ya 70, akachagua Tetrahymena, kiumbe cha seli moja cha kwenye maji ya madimbwi, kwa sababu kina vikromosomu vifupi maelfu kwa hiyo kina ncha nyingi za kusoma, akasoma zile ncha akakuta herufi TTGGGG zinajirudia na kujirudia. Hiyo ilitoka 1978. Alipopata maabara yake mwenyewe aliondoka na swali hilo la telomia, yaani hizo ncha za kromosomu, na hapo ndo ikafika Nobel ya 2009, yeye na Carol Greider na Jack Szostak. Sasa jiulize, kama angeambiwa asante sana, Tetrahymena inabaki hapa, wewe nenda katafute kitu kingine? Kwa hiyo muulize bosi mtarajiwa wazi wazi, kwa upole, nikimaliza naruhusiwa kwenda na sehemu gani ya hii kazi, na kama mnaweza liandikwe hata kwenye imeili.

Na jina lako kwenye karatasi vile vile. 1959 ilitoka karatasi iliyoonyesha kwamba watoto wenye ile hali ya Down wana kromosomu 47, ya 21 zipo tatu. Majina yalikuwa Lejeune, halafu Gautier, halafu Turpin, na la Marthe Gautier likakosewa hata herufi. Miaka 50 baadaye Gautier akaandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa, kwamba yeye ndo aliyeanzisha kukuza seli pale hospitalini Paris karibu bila vifaa, na hadubini yake haikuweza kupiga picha, slaidi zikachukuliwa na Lejeune zikapigwe picha kwingine, na yeye akaja kujua karatasi inatoka ikiwa imeshachelewa. Kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya utafiti wa tiba ya Ufaransa, mwaka 2014 ikaona mchango wa Lejeune kwenye ugunduzi wenyewe haielekei ulikuwa ndo mkubwa kuliko wote. 2014, jamani, kitu cha 1959. Mambo ya majina yaongeleeni mwanzo, mkiwa bado mnapendana.

Hela nitasema kwa kifupi. Mshahara wa granti ya bosi ni sawa lakini unafanya swali la bosi. Ukipata feloshipu yako mwenyewe, yaani ufadhili uliouomba kwa jina lako, una sauti kubwa zaidi, na ndo maana nawasukuma mwombe hata kama mmeshaahidiwa nafasi. Ya HFSP, mfuko wa kimataifa wa Human Frontier Science Program, ni miaka 3 na wanapenda mtu anayehama fani, ya EMBO, shirika la baiolojia ya molekuli la Ulaya, inafika miaka 2 na lazima uhame nchi, zile za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya nazo zina sharti kwamba ndani ya miezi 36 kabla ya kufunga maombi usiwe umekaa au kufanya kazi kwenye nchi unayoenda zaidi ya miezi 12. Hilo sharti limewaangusha watu wenye maombi mazuri sana, mtu ametangulia kwenda "kuzoea" mwaka mmoja na nusu halafu ndo anaomba, basi tena. Anza kuandika miezi 6 kabla, na bosi mtarajiwa asome rasimu, asipokuwa na muda wa kusoma kurasa zako chache wakati anakutaka, hatakuwa nao ukishafika.

Na siyo kila postidoki ataishia kuwa profesa, nafasi za kudumu ni chache kuliko sisi, hilo tusifichane. Lakini mtu anayejua kusoma kromosomu anahitajika hospitalini, kwenye maabara za saitojenetiki zinazopima kromosomu za wagonjwa, kwenye kliniki za upandikizaji wa mimba, kwenye kampuni za hadubini na za kusoma DNA. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema idadi ya kromosomu haikuwa sawa. Yai la mwanamke linaanza mgawanyiko wake kabla yeye hajazaliwa halafu linasubiri miaka 20, 30, 40, pete za kohesini zimeshika muda wote huo, na bado hatujaelewa vizuri zinavyochoka. Mtu anayelifanyia kazi hilo swali, awe chuoni au hospitalini, anafanya kazi ambayo kuna familia zinaisubiri.

Nimalizie na intavyu yangu ya pili. Nilienda nikiwa sina karatasi, na nilishaamua nitasema ukweli wote, nikatoa semina yangu nikaonyesha zile hesabu za slaidi zilizofunikwa lebo, nikasema wazi hii haikuchapishwa na bosi wangu haikubali. Chumba kikawa kimya. Mchana bosi wa pale akaniita chumba cha hadubini, akaniwekea slaidi tatu lebo zimefunikwa kwa utepe, akasema hesabu kromosomu kwenye seli 20 za kila moja nakuja baada ya saa moja, akatoka. Nikahesabu. Mbili zilikuwa kawaida. Ya tatu nikapata seli 6 zenye kromosomu moja zaidi, na mimi nilikuwa nimesoma karatasi zao zote, nilijua hizo seli wao wameandika zina 46 kamili. Nikazirudia mara mbili, viganja vimelowa jasho. Aliporudi nikamwambia, hii ya tatu, sidhani iko kama mlivyoandika.

Hakusema kitu. Akavuta kiti kingine, akakaa pembeni yangu, akasema nionyeshe ya kwanza.

Nilikaa pale miaka minne. Haya, naona mkono pale nyuma, dada mwenye daftari, karibu uulize.